Hayo maji nani anayasaini?

Wiki hii nimefurahi kazini kwa jambo lililowaudhi wenzangu wote. Gari la zege lilifika saiti, hapa Leicester, Uingereza, zege likaonekana zito kidogo. Msimamizi wetu, mtu wa haraka kama wasimamizi wote duniani, akamwambia dereva aongeze maji. Dereva hakubishana. Akatoa tiketi ya mzigo, akaonyesha sehemu ya kujaza: lita ngapi, ameomba nani, saini. Akampa kalamu. Msimamizi akaitazama ile kalamu, akakohoa, akasema basi, mwageni hivyo hivyo. Tukalisukuma kwa makoleo na vibreta, zile mashine za kulitikisa zege lijipange, huku jamaa wanalaani, mimi nacheka kimoyomoyo.

Utaratibu wenyewe si wa ajabu. Zege limetoka kiwandani limepimwa. Maji yakizidi linapungua nguvu, kwa hiyo ukitaka zaidi saiti yanaandikwa, na ukishasaini, zege likikosa nguvu huna pa kumlaumu mwenye kiwanda. Wanachukua sampuli, wanajaza vikasha vya mchemraba vya sentimita 15, na siku ya 28 vipande vilivyogandia humo vinavunjwa kwenye mashine kupima nguvu. Vikifeli, karatasi yenye jina lako ipo kwenye faili.

Sasa twende nyumbani. Mdogo wangu ndiye anayenisimamia ujenzi kule Chanika, Dar es Salaam, na mnaoishi nje mnajua maana ya kusimamiwa: ni video za WhatsApp. Katika video ya slabu kuna kijana kashika mpira wa maji, kaubana kwa kidole gumba, anamwagia mashine ya kuchanganya zege bila kuitazama, anaongea na mwenzake habari za Simba na Yanga. Zege linashuka kama uji wa mgonjwa. Fundi anasikika kwa fahari kabisa: "Bosi, cheki linavyotembea lenyewe!" Na kweli linatembea. Linatembea mpaka kwenye nyufa za mbao, linachuruzika kijivu chini ya slabu hadi mchangani. Ule ukijivu ni saruji yangu. Nimeilipia kwa zamu za usiku.

Najua mnachotaka kusema. "Umepanda ndege juzi, leo unatufundisha zege." Nimezaliwa Temeke, nimebeba karai la zege kichwani kabla sijajua pasipoti inafananaje. Sijaanza kujua zege Uingereza. Nilichokiona huku ni kwamba maji yana mwenyewe.

Na wala simlaumu yule kijana. Amelipwa kwa kazi nzima, si kwa siku, jua la saa saba liko utosini, vibreta ya kukodi haikuja, zege zito linavunja mgongo. Kila ndoo ya maji ni nafuu kwake. Ningekuwa mimi ningemwaga pia. Ninayemlaumu ni yule aliyesimama kivulini na kofia ngumu, anayejua vizuri kwamba mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita kama 25, pengine pungufu kama mchanga umenyeshewa, na akanyamaza. Hii si siri ya wazungu wa leo. Duff Abrams, mtafiti wa zege Mmarekani, alishaionyesha kule Chicago mwaka 1918: kadiri maji yanavyozidi kulinganisha na saruji, nguvu inashuka. Saruji inachukua maji yanayoitosha, yanayobaki yanakauka na kuacha vitundu, na kupitia vitundu hivyo unyevu na chumvi ya pwani yetu vinaifuata nondo taratibu.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba maji tunayo ila tunayapa siku isiyo yake. Siku ya kumwaga yanatiririka. Kesho yake, zege linapoyataka hasa, wiki nzima lilowe asubuhi na jioni, ghafla boza ni ghali, dumu halionekani, fundi kahamia saiti nyingine Mbagala.

Mwingine atasema hao Waingereza nao majengo yao mabovu. Sawa kabisa. Agosti 2023, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, serikali hapa iliziambia shule zaidi ya 100 zifunge madarasa kwa sababu yana paa za zege jepesi lenye mapovu, la miaka ya zamani, linaloweza kuanguka bila kutoa ishara. Aibu tupu. Wazazi walipiga kelele redioni wiki nzima. Lakini angalau orodha ilitoka, shule kwa shule, na jina lake. Sisi baada ya ghorofa kuanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, mwaka 2013, wakafa watu 36, na baada ya lile la Kariakoo Novemba 2024, tulipata nini cha kusoma? Sisemi majengo yale yaliangushwa na maji, kila moja lina yake. Nasema tumezoea kuzika na kusahau.

Na msiniambie hatuwezi, hapo ndipo tutagombana. Bwawa la Nyerere pale Rufiji, ukuta wa mita 131, limejengwa kwa zege kavu kiasi kwamba linasambazwa kwa matabaka na kushindiliwa kwa rola kama barabara. Ukilitia mpira wa maji zege lile, rola litazama. Wakandarasi walikuwa Wamisri, lakini Watanzania wamefanya kazi pale kwa maelfu, na kavu ikabaki kavu. Kijana yule yule akirudi mtaani kumjengea shangazi yake, anakamata mpira. Mikono ni ile ile. Kilichopungua ni mtu mwenye mamlaka ya kusema "hili lisimwagwe" na asifukuzwe kazi.

"Nyumba ya babu imesimama miaka 40 na hakukuwa na vipimo." Nyumba ya babu ni vyumba viwili na bati. Wewe unaweka ghorofa tatu na tangi la maji juu.

"Vipimo ni gharama." Hapa sasa mnanionea. Mdogo wangu nimemwambia apite mtaa wa Gerezani, mjini, kwa mafundi bati, wamtengenezee koni iliyo wazi juu na chini: urefu sentimita 30, chini upana 20, juu 10. Anajaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka analichoma mara 25 kwa kipande cha nondo ya milimita 16, ananyanyua koni polepole, anapima limeporomoka kiasi gani: likiporomoka sana, maji yamezidi. Tumekubaliana likishuka zaidi ya sentimita 10, mashine izimwe na nipigiwe simu, hata kama huku ni usiku. Bei ya koni atapatana nao mwenyewe.