Laki mbili na nusu au laki sita: hesabu ya kadi ya grafiki ya bei nafuu

Mtu mwenye hela ya mawazo akiuliza anunue kadi gani ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za skrini, hapa Dar hupewa majibu mawili, na wanaoyatoa hawasikilizani. Wa kwanza watamwambia achukue RX 580 ya AMD ya mtumba, ile yenye memori ya 8 GB, abaki na chenji. Wa pili watamwambia asithubutu kuleta nyumbani kadi iliyokesha miaka ikichimba sarafu za kidijitali. Ajipinde tu anunue RTX 3050 mpya ya Nvidia ya 6 GB, yenye boksi, risiti na waranti.

Tuweke bei mezani ili tubishane kwa namba. Tuseme ya mtumba ni laki mbili na nusu na mpya ni laki sita. Ni bei za mfano. Wewe weka za siku utakayokwenda dukani. Kwenye gemu nyingi za 1080p, ukali wa kawaida wa skrini, kadi hizi mbili hazipishani sana, ya Nvidia ikitangulia kidogo. Kwa hiyo anayepima kwa fremu kwa shilingi, yaani picha ngapi kwa sekunde anapata kwa kila shilingi, ameshinda kabla mjadala haujaanza: analipa chini ya nusu na kupata karibu kilekile.

Kipimo hicho si cha kudharau. Kinavua kadi mapambo yote, taa za rangi, feni tatu na boksi lenye picha ya dubwana, kisha kinauliza swali moja tu: inatoa fremu ngapi, kwa bei gani? Bila kipimo hiki muuzaji angekuwa anakuuzia jina. Ugomvi wangu nacho ni kwamba watu hukitumia nusu. Shilingi wanayoihesabu ni ile iliyoandikwa kwenye kadi, na kadi haichezi gemu ikiwa peke yake.

Angalia mashine ambazo wengi wetu tunaanzia: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, kompyuta za mezani zilizomaliza kazi maofisini ughaibuni zikaja kumalizia maisha huku. OptiPlex 9020 ya kasha kubwa ina pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 290, na haina waya wa kulisha kadi ya grafiki. RX 580 inakula hadi wati 185, na AMD wenyewe wanashauri pawasaplai ya wati 500. Utanunua nyingine, kisha utagundua kuwa Dell waliweka kwenye ubao mama soketi ya umeme ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo utatafuta na kiunganishi chake. Pawasaplai usiokote ya bei ya chini kabisa, ile iliyobandikwa stika ya wati 500 lakini ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi la maandazi. Tuseme vyote viwili laki moja na ishirini.

Halafu LUKU. RTX 3050 ya 6 GB inakula wati 70 na inazivuta zote kwenye sloti, ile nafasi ya ubao mama inapochomekwa, haihitaji waya wowote. Tofauti na RX 580 ni wati 115. Ukicheza saa tatu kwa siku, mwaka mzima ni uniti kama 126. Kwa wanaolipa karibu shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni elfu arobaini na nne kwa mwaka, elfu themanini na nane kwa miwili.

Jumlisha: laki mbili na nusu, laki moja na ishirini, elfu themanini na nane. Ile kadi ya laki mbili na nusu imefika laki nne na elfu hamsini na nane.

Wapenda vitu vipya wasishangilie bado. Mtumba umeshinda tena, na umeshinda kwa zaidi ya laki na arobaini. Kilichobadilika ni ukubwa wa ushindi, kutoka laki tatu na nusu hadi chini ya nusu yake. Na mwenye kasha lililo tayari na pawasaplai nzuri afute ile laki na ishirini kwenye hesabu. Kwake mtumba uko mbele kwa zaidi ya robo milioni hata baada ya miaka miwili ya umeme. Kinyume chake, mwenye OptiPlex ile nyembamba ya kulaza chini ya skrini hana cha kuhesabu. RX 580 haiingii humo hata kwa nyundo. RTX 3050 ya 6 GB ipo ya kimo kifupi, MSI na Gigabyte wameitoa, na hiyo inaweza kuingia, ila pima nafasi kwanza.

Sasa tuje upande wa fremu, maana na huko kuna uvivu. Si kila anayenunua kadi anataka gemu. Mjini hapa kadi nyingi zinahariri video za harusi, zinachora ramani za nyumba, zinatengeneza matangazo. Mtu wa Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, hasa anapaswa kusimama hapa. Tangu toleo la 3.0, la Desemba 2021, Blender iliacha OpenCL, njia iliyokuwa ikizitumia kadi za AMD, na njia mpya iliyowekwa kwa kadi za AMD haikuishika RX 580. Maana yake, ukibonyeza kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho, kwa injini yake ya Cycles, prosesa ndiyo itakayotoka jasho na kadi yako itakaa inatazama. Kwa mtu huyu fremu kwa shilingi ya RX 580 ni sifuri, iwe imeuzwa laki mbili na nusu au elfu hamsini. RTX 3050, pamoja na udogo wake, inarenda.

Draiva, programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, nazo zina umri. RX 580 ilitoka Aprili 2017, na tangu mwishoni mwa 2023 AMD wameitenga kwenye tawi lake la draiva lisilopata mapya mengi. Wenye GTX 1060 ya Nvidia na ndugu zake wasicheke: Nvidia walitangaza kuwa Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa draiva za gemu kwa kizazi hicho, kisha wabaki na marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Na gemu zenyewe zinaanza kufunga mlango. Doom: The Dark Ages ya 2025 inadai kadi yenye vifaa vya ray tracing, ufundi wa kukokotoa njia za mwanga, ndani yake, kitu ambacho RX 580 haina. Anayecheza FIFA za nyuma, GTA V na Valorant hahitaji kulisikia hilo, na ninashuku hao ndio wengi.

Mpaka hapa ningekuwa ninaelekea kwenye kadi mpya, kama dukani kungekuwa na usalama wanaouhubiri. Haupo. Hiyo RTX 3050 yenyewe ni kadi mbili zenye jina moja. Ya Januari 2022 ina 8 GB na njia ya memori, barabara ya kupitishia data, ya biti 128. Ya Februari 2024 ina 6 GB, njia ya biti 96 na viini vichache. Ukitazama jedwali la matokeo ya majaribio ya ile ya kwanza kisha ukanunua ya pili, umelipia mbio ambazo hukuletewa. Nvidia walishafanya hivi 2018 na GT 1030: walitoa nyingine yenye memori ya DDR4 badala ya GDDR5, kasi ya memori ikaporomoka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi karibu 17, jina likabaki lilelile. AMD nao wana RX 580 2048SP, ambayo chini ya jina hilo ni RX 570.

Wachambuzi wa ng'ambo hupenda kusema hakuna kadi mbaya, kuna bei mbaya. Wao wanaisema wakiwa na duka lenye kadi arobaini za kuchagua na mashine mpya ya kuichomeka. Chukua RX 6500 XT ya 2022. Ina 4 GB, ina njia nne tu za PCIe, yaani za kuongea na ubao mama, na ukiichomeka kwenye ubao wa PCIe 3.0, ambao ndio tulio nao kwenye mashine za ofisini, inapoteza kasi waziwazi memori yake ikijaa. Juu ya hayo AMD waliondoa sehemu ya kusimba video, ile inayoibana video wakati wa kurekodi, kwa hiyo kijana anayetaka kurekodi gemu zake arushe YouTube anaitupia prosesa yake kazi hiyo. Ukipunguza bei sehemu hiyo hairudi. Kwangu mimi hiyo ni kadi mbaya, na haijalishi kwamba ni mpya na ina waranti.

Imebaki basi hofu ya kadi zilizotoka kuchimba sarafu. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na mzigo wa kadi zilizokosa kazi ukamwagika masokoni dunia nzima. Wanaoziogopa wana hoja: feni zimezunguka usiku na mchana, na memori imepikwa. Lakini wachimbaji wengi walizipunguzia umeme ili wasile faida yao wenyewe, na kadi inayokaa kwenye joto moja haipati ule msukosuko wa kupata moto na kupoa kila siku. Kati ya kadi ya mgodini iliyotunzwa na ya mcheza gemu aliyeiacha izibwe na vumbi miaka mitano, mimi sina haraka ya kumchagua wa pili.

Msimamo wangu, basi: mwenye kasha kubwa, pawasaplai ya kueleweka na hamu ya gemu tu, achukue mtumba. Mwenye mashine nyembamba au kazi ya Blender alipe laki sita bila kunung'unika, asome kwanza boksi limeandikwa GB ngapi.

Anayechukua mtumba asilipe kadi ikiwa mezani. Ichomekwe palepale. Shika ubavu wa feni kwa kidole uitikise taratibu. Ikicheza, beringi imekwisha. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma sifa za kadi: RX 580 kamili husoma 2304 penye idadi ya shaders, yaani viini, ikisoma 2048 bei ishuke, na kwa kadi ya Nvidia ikiandika neno FAKE mazungumzo yameisha. Kisha washa FurMark, programu ya kuibana kadi ifanye kazi kwa nguvu zote, dakika kumi na tano, ukitazama kama kuna vidoti na mistari inayochomoza kwenye skrini. Muuzaji akisema leo umeme hakuna, rudi kesho. Kesho akisema tena, nenda duka la pili.