Korona, CTC na Wanaume Wasiotajwa Nyanda za Juu Kusini

Wanaofuatilia afya ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, wakiwemo wale wenye wake nyumbani, wanavutana juu ya kile UVIKO-19 ilichowafanyia. Wapo wanaosema janga lile liliwaumiza kuliko wengi. Wapo wanaosema, na hoja zao zina uzito, kwamba liliwaletea nafuu ambayo semina za miaka mingi hazikuileta. Nikiziweka hoja hizo juu ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, naona kila upande unasema kweli kuhusu watu fulani na kuwasahau wengine.

Tuwe waangalifu na takwimu za nchi zilizofungia watu ndani. Kliniki moja ya Boston, Marekani, inayowahudumia wapenzi wa jinsia moja iliona upimaji wa VVU ukishuka kwa asilimia 85 kati ya Januari na Aprili 2020. Uchunguzi uliopitia Hornet, programu ya simu ya wanaume wanaotafuta wanaume wenzao, kwa wanaume zaidi ya 2,700 wa nchi 103, ulikuta asilimia 23 ya wanaoishi na VVU wamepoteza mawasiliano na wahudumu wao wa afya. Huku kwetu mambo yalikwenda vingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, shule na vyuo vikafungwa, lakini soko la Mwanjelwa jijini Mbeya halikufungwa, ibada ziliendelea na mabasi yalipanda mlima Kitonga kama kawaida. Kufikia Mei, hata idadi ya wagonjwa haikutangazwa tena. Madhara yakapita njia za pembeni.

Njia ya kwanza ni vyuo. Mfikirie kijana aliyepanga chumba Kihesa mjini Iringa au Iyunga jijini Mbeya, ana mwelimisha rika anayemjua, ana kliniki ambayo hakuna anayemuuliza maswali. Chuo kinafungwa, anarudi kwa wazazi Makete au Ludewa, mkoani Njombe. Zahanati ni moja, na muuguzi wake anaimba kwaya moja na mama yake. Vyuo vilifunguliwa Juni 1, lakini wiki zote hizo zinatosha kumtoa mtu kwenye dawa au kwenye kondomu. Njia ya pili ni barabara kuu ya kwenda Zambia. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde, mkabala na Tunduma, kwa siku kadhaa, na kwa wanaoishi kwa kuuza, kubeba na kuhudumia wageni kuanzia Tunduma hadi Makambako, siku kadhaa bila malori ni siku kadhaa bila hela. Mwenye njaa hana nguvu ya kumkatalia mtu asiyetaka kondomu.

Njia ya tatu naiona nzito kuliko zote. Februari 2017 serikali ilikuwa imetangaza kusitisha huduma za UKIMWI kwa makundi maalum, wakiwemo wanaume hawa, katika vituo 40. Vilainishi vya kutumia pamoja na kondomu vilishapigwa marufuku mwaka uliotangulia. Daraja lililobaki lilikuwa mwelimisha rika: mtu anayekuja kwako, anakaa, mnaongea. Korona ilipoingia na watu wakaambiwa waepuke kukaribiana, hata huyo akapungua. Na kikohozi kikawa aibu ya pili. Mwenye VVU aliyekohoa aliogopa hospitali mara mbili, ilhali ndiye aliyestahili kuwahi: Julai 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa, kwa waliolazwa kwa UVIKO, hatari ya kufa kwa wanaoishi na VVU ilikuwa kubwa kwa asilimia 30 kuliko kwa wasio na VVU.

Sasa upande wa pili, ambao nauheshimu. Ili kupunguza msongamano, kliniki zilizidi kutoa dawa za miezi mingi, mitatu hadi sita, kwa waliotulia kwenye matibabu. Kwa mtu anayeogopa kuonekana kwenye benchi la CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kupunguziwa safari kumi na mbili zikawa nne au mbili kwa mwaka ni ukombozi. Bunge lilikuwa limeruhusu watu kujipima VVU wenyewe Novemba 2019, miezi michache kabla ya korona, kwa hiyo sheria ilikuwa tayari wakati watu walipohitaji kupima bila kukutana na mtu. Ushauri kwa simu, uliokuwa ukidharauliwa, ukazoeleka. Kwa wanaume ambao kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinawatisha kwa miaka 30 hadi maisha gerezani, huduma isiyotaka macho ya watu ni huduma inayowezekana. Anayebeza hili hajawahi kuzunguka kliniki mara tatu akisubiri mtu anayemfahamu aondoke.

Hata hivyo nafuu hiyo ina mipaka. Dawa za miezi sita zinahitaji pa kuzificha, na anayelala chumba kimoja na kaka zake anajua jinsi kopo la vidonge linavyolia. Wengine huyabandua maandishi, wengine huweka pamba ndani. Zaidi ya yote, dawa za miezi sita hupewa aliyekwisha kupimwa. Hapa ndipo ninapoamua upande wangu. Taarifa ya Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria kuhusu mwaka 2020, kwa nchi unazozisaidia, inaonyesha waliokuwa kwenye dawa waliongezeka kwa karibu asilimia 9, huku upimaji wa VVU ukishuka kwa asilimia 22 na waliofikiwa na huduma za kinga wakipungua kwa asilimia 11. Aliyekuwa ndani alishikiliwa. Aliyekuwa nje aliachwa nje, na miongoni mwa wanaume hawa walio nje ni wengi.

Kuna pingamizi ninalolisikia kila mara, na si la wenye chuki peke yao. Wanasema: huku janga ni la wote, ni la mume na mke, kwa nini tuhangaike na wachache? Kweli, utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Lakini UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, mwaka 2021 iliweka hatari ya maambukizi mapya kwa wanaume hawa duniani kuwa mara 25 ya wanaume wengine, na baadhi yao hapa kwetu ni waume za watu. Yule anayependa wanawake na wanaume hayuko pembeni ya janga la mume na mke. Yumo ndani yake, pamoja na mkewe asiyeulizwa chochote anapokwenda kliniki ya wajawazito.

Jambo hili halijapita pamoja na barakoa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, ruhusa iliyofuata ililinda dawa za kufubaza virusi, lakini dawa kinga, ile anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, ikabakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mgawanyo ni uleule wa 2020: aliye kwenye matibabu kwanza, aliye hatarini baadaye. Nisingependa dawa za miezi sita wala kujipima viguswe. Ninachotaka halmashauri zetu zilipie kwa fedha za ndani ni mwelimisha rika, posho yake, nauli yake na vocha yake ya simu. Kipimo cha nyumbani kikionyesha maambukizi lazima kithibitishwe kliniki, na kijana wa Makete hataifikia kliniki hiyo kama hana mtu wa kumsindikiza.