Dumu Lililojaa Kupita Kiasi

Katika matayarisho yote ya vipimo, hakuna linalodhaniwa kuwa jepesi kama kukusanya mkojo wa saa 24, kwa kuwa halina sindano wala maumivu, na sehemu kubwa ya kazi humwangukia mgonjwa mwenyewe. Nilimweleza mzee mmoja katika wodi ya wanaume kwamba mkojo wa saa 12 asubuhi aumwage chooni, tuandike saa hiyo, na tangu hapo kila tone liingie katika dumu la lita 3 lililokaa ndani ya ndoo ya barafu, hadi ule wa saa 12 asubuhi ya kesho yake, ambao haumwagwi. Akanirudishia maelezo yote, tena kwa ufasaha kunishinda.

Kesho yake nilikuta dumu limejaa hadi shingoni. Mtu mzima kwa kawaida hutoa kiasi cha lita 1 hadi 2 kwa siku, na mzee huyu hata maji alikuwa akiyanywa kwa kubembelezwa. Nikawaza kisukari, nikawaza dawa za kukojoza, nikakaribia kumwita daktari.

“Shikamoo, mzee. Huu wote ni wako?”

“Marahaba, mwanangu. Mwingi ni wangu. Usiku niliona halijafika hata nusu, nami sikutaka uaibike mbele ya watu wa maabara. Vijana hawa wakanichangia.”

Vijana wenyewe, wanne kwa hesabu, walikuwa wameketi vitandani wakisubiri shukrani. Mmoja wao alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, na mchango wake ulimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye mfuko. (Miongozo niliyosomea haikatazi michango, nadhani kwa sababu hakuna aliyeiota.) Nikawaeleza kwamba maabara hupima protini pamoja na kreatinini, yaani taka ya misuli inayotoka na mkojo, na kwamba kreatinini hufuata wingi wa misuli ya mtu, hivyo majibu yangeonyesha mzee mwenye misuli ya wanaume watano.

“Hilo nalo lina ubaya gani?” akauliza mzee.

Tulimwaga yote, tukaanza upya kwa dumu jipya lenye jina lake kwa herufi kubwa. Nilipokuwa nikitoka, kijana mwenye mpira akaniita kwa sauti ya chini, akataka kujua majibu yake yeye yatatoka lini.