Tarumbeta la Kiatu

Kinanda cha umeme kina sauti ya tarumbeta, lakini tarumbeta lenyewe hakina. Ukibonyeza unapata paaa moja iliyonyooka, haipandi wala haishuki mpaka uinue kidole. Mpulizaji wa kweli huiingiza noti kimyakimya, akaivimbisha, akaitetemesha kidogo, kisha akaizima pale anapotaka mwenyewe. Kitufe cha kinanda kama changu kinapima jambo moja tu, yaani kasi ya kidole kinaposhuka. Baada ya hapo kimelala. Kibonyeze kwa hasira, kwa huba au kwa machozi, habari hakina.

Dawa ya ugonjwa huu ipo tangu zamani. Kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983 kilikuwa na tundu la kuchomeka kidude cha kupuliza kwa mdomo, na ni mwaka huohuo ilipotoka MIDI, ile lugha ambayo vinanda husemezana nayo kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Katika MIDI kila agizo lina namba yake, na namba 2 imetengwa rasmi kwa ajili ya pumzi. Ukituma kiwango cha 0 kupitia namba hiyo, kimya. Ukituma 127, mishipa ya shingo imesimama. Vidude hivyo vinauzwa. Mimi nikaamua kuunda changu.

Moyo wake ni sensa, yaani kihisio, iitwayo MPX5010, yenye kipua cha kuingizia mpira unaotoka mdomoni. Inapima shinikizo la hewa kuanzia 0 hadi kilopaskali 10 na kutoa umeme kulingana na pumzi: volti 0.2 ukiwa hupulizi, volti 4.7 ukipuliza hadi mwisho. Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuunganishia vifaa, inazisoma volti hizo, inazigeuza kuwa namba na kuzituma kwenye kinanda. Changu hakikuielewa namba 2 hata kidogo, hivyo nikatumia namba 11, ambayo hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti, nacho kikaridhika.

Zile volti 0.2 ndizo zilizonisumbua mwanzoni. Ni kidogo, lakini si sifuri, na Arduino haina mambo ya kusamehe. Ikazihesabu kuwa ni pumzi. Kila nilipogusa kitufe, tarumbeta liliguna kabla sijapuliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Nikaongeza mstari mmoja wa kuzitoa kwenye hesabu, likatulia.

Ikaja habari ya mapafu. Kupuliza mpira ambao upande wa pili umeishia kwenye sensa ni sawa na kupuliza ukuta: hewa haina pa kwenda, mashavu yanavimba, macho yanatoka, na ukimaliza wimbo unatafuta pa kukalia. Kwa hiyo karibu na mdomo unaweka kiungo chenye tundu, pumzi kidogo itokee pembeni. Nikaweka. Pumzi ikapata njia, na mate nayo yakapata. Tundu lilielekea kulia, anakosimama mpiga gitaa wetu. Tulipomaliza wimbo wa kwanza mazoezini alijipangusa shavu, akatazama dari, akaniuliza kwa adabu zote, "Kaka, paa linavuja?"

Nikaligeuza tundu lielekee ukutani. Lakini kuna jambo hakuna anayekuonya: mdomo ukishaupa kazi ya tarumbeta, hauna tena ruhusa ya kufanya kazi nyingine. Katika bendi yetu mimi ndiye ninayehesabu kabla ya wimbo kuanza. Nikasema "moja, mbili", na tarumbeta nalo likahesabu, maana maneno ni pumzi. Nikacheka. Kicheko nacho ni pumzi. Tarumbeta likacheka hehehe kwa shaba tupu, mpiga dramu akaangusha fimbo, nikazidi kucheka, nalo likazidi. Sikuweza kulinyamazisha kwa sababu kila nikijizuia ninapasuka tena. Tangu siku hiyo kazi ya kuhesabu amepewa mpiga besi.

Sasa mambo mawili yanayohusu ajali iliyokuja kutokea. La kwanza: kufika kilopaskali 10 kila noti kunachosha, kwa hiyo katika programu niliamuru 127 ifikiwe kwenye kilopaskali 3 tu. La pili: mpira niliotumia ni ule laini wa silikoni wa kupitishia hewa kwenye tangi la samaki, na ulikuwa mrefu mno. Sikuukata. Mpira ukishaukata haurudi, na mimi ni mtu wa akiba. Kisanduku cha sensa nilikiweka sakafuni karibu na pedali ya kushikilia noti, na mpira uliobaki ukajilaza jukwaani, mweupe, mpole, ukielekea mahali anaposimama mwimbaji.

Siku ya onyesho tulifika kwenye wimbo wa taratibu, ule wa majonzi. Taa zimepunguzwa, gitaa peke yake linadonadona, na mwimbaji wetu amefumba macho akingoja kuingia. Raha ya kidude cha pumzi ni kwamba unaweza kuweka vidole vyote juu ya vitufe mapema na pasisikike kitu mpaka upulize. Basi nilikuwa tayari: akordi, yaani noti kadhaa za pamoja, chini ya vidole, mguu juu ya pedali, mpira mdomoni, najihurumia kwa uzuri wa kitakachofuata.

Mwimbaji akavuta hewa, akarudi nyuma hatua moja.

PAAAA!

Nikabana pumzi. Tarumbeta halikubana. Nikautema mpira, likaendelea kulia, tena kwa nguvu zote. Nikainua mikono yote miwili juu, watu waone kuwa si mimi, lakini mguu ulikuwa umekakamaa kwenye pedali na pedali ikaishikilia akordi yote.

Kilichotokea ni fizikia tupu. Kisigino cha dada mwimbaji kilikuwa kimeuziba mpira katikati ya tundu la pembeni na sensa, na hewa iliyobaki upande wa kisanduku ikabanwa isiwe na pa kutokea. Hewa tunayoivuta ina shinikizo la kilopaskali 101 hivi. Ukiipunguzia nafasi kwa asilimia 3 tu, shinikizo linapanda kwa kilopaskali 3, na kilopaskali 3 kwangu ni 127. Jambo hilo halihitaji uzito wowote wa mwili. Naomba lieleweke hivyo, maana mhusika atayasoma haya.

Aliposhtuka akainua mguu, kukawa kimya. Akanigeukia kwa jicho ambalo sijaangaliwa nalo tangu utotoni. Nikatikisa kichwa, nikarudisha vidole kwenye vitufe ili nijifanye kuna kazi inaendelea. Akanong'ona, "Unanifanyia nini wewe?" na neno "wewe" akalikazia kwa kupiga mguu chini.

PA!

Ukumbi ukapiga makofi. Mpiga dramu, ambaye hawezi kusikia kishindo bila kukijibu, akajibu. Besi ikaingia. Majonzi yakaishia hapo. Dada akaona watu wanasimama, akaanza kuimba kwa haraka na kucheza palepale alipo, na kila alipokanyaga, tarumbeta liliitika. Mimi nilibaki kubadilisha akordi, mpira ukining'inia kifuani.

Na linalouma ni kwamba alilipiga vizuri. Kisigino kikishuka taratibu noti inavimba, kikipanda inafifia. Akiyumba kidogo kwenye kiuno inatetemeka kama nilivyotaka itetemeke kwa mapafu yangu ikakataa. Yote hayo akiwa hajui. Alidhani mimi ndiye ninayemfuata miguu, na mwisho wa wimbo alinionyesha kwa mkono ili nishangiliwe. Nikainama.

Nyuma ya jukwaa kiongozi wa bendi alinishika bega. "Leo sasa! Siyo lile la mazoezini. Leo umepuliza."

Mpiga gitaa, ambaye hajanisamehe kwa ile mvua, akasema, "Mzee, huyu hajapuliza kitu. Tazama kiatu cha dada." Ikabidi nitoe maelezo, na ikabidi dada akanyage tena mbele ya wote, polepole, kisha kwa haraka, huku mimi nimeinama na kidole kimoja kwenye kitufe. Wote wakanyamaza wakisikiliza.

Kiongozi akaniuliza kama ninaweza kuubandika mpira kwa gundi ya karatasi usisogee. Dada alikuwa na swali tofauti. Alitaka kujua kama kisanduku kile kina nafasi ya mpira wa pili, wa filimbi, kwa ajili ya mguu wa kushoto.