Kabla ya Kulaumu Modeli, Tazama Ukutani

Unaiga kwa kompyuta mtiririko wa hewa au kimiminika pamoja na joto lake. Meshi, yaani nafasi iliyogawanywa vipande vidogo viitwavyo seli, ina seli milioni 8, masalio (kosa linalobaki kwenye milinganyo) yameshuka vizuri, lakini joto linalopita ukutani halikaribiani hata kidogo na vipimo vya maabara. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha modeli ya msukosuko, yaani milinganyo inayokadiria vurugu za mtiririko. Mimi naona ni kupoteza muda. Masalio yakishuka maana yake milinganyo imetatuliwa juu ya meshi uliyoipa programu. Kama meshi yenyewe inafaa, hilo ni jambo jingine kabisa.

Chukua hewa inayopita juu ya bamba la mita 1 kwa mita 10 kwa sekunde, msukosuko ukianzia ukingoni. Namba ya Reynolds (nguvu ya mwendo ikilinganishwa na mnato) ni kama 667,000, kasi ya msuguano (kipimo cha msuguano ukutani kikiandikwa kama kasi) inatoka karibu 0.45 m/s, na y+ ya 1 (y+ ni umbali kutoka ukutani usio na kizio, unaopimwa kwa kasi hiyo na mnato) inaangukia milimita 0.034 kutoka ukutani. Programu inayohifadhi thamani katikati ya seli inahitaji basi seli ya kwanza yenye kimo cha milimita 0.067. Sasa weka yale matabaka 5 ya seli nyembamba ukutani ambayo kila mtu huweka, kila moja likizidi la chini yake mara 1.2: jumla yake ni nusu milimita. Tabaka la mpaka, yaani hewa iliyopunguzwa kasi na ukuta, mwishoni mwa bamba lina milimita 25! Ili kulifunika unahitaji matabaka 24 hivi. La juu kabisa litakuwa na milimita 4.4, kwa hiyo ukilifuatisha na seli ya milimita 20 umeharibu kazi yako mwenyewe.

Kwenye joto mambo hukaza zaidi. Kwa hewa, tabaka la joto na la kasi hulingana kwa unene, kwa hiyo y+ ya 1 inatosha. Mafuta yenye namba ya Prandtl (usambaaji wa mwendo ukilinganishwa na wa joto) ya 100 ni habari nyingine: tabaka la joto huwa jembamba kama mara 4.6 kuliko la kasi. Upotevu wa shinikizo utatoka sahihi, mgawo wa uhamishaji joto utatoka ovyo, na meshi ni ileile. Na ukitumia fomula za ukutani, zinazokadiria mtiririko wa karibu na ukuta badala ya kuukokotoa, usiache y+ ielee kati ya 5 na 30. Pale si fomula wala meshi inayofanya kazi ipasavyo.

Upande wa chuma, yaani ukuta wenyewe, husahaulika. Kwa hali isiyobadilika na wakati seli chache zinatosha, ila joto likipanda ghafla, ndani ya sekunde 1 hupenya chuma cha kawaida milimita 3 au 4 tu. Seli ya milimita 10 hapo haioni kitu.

Kagua pia pembe kali, maana ndiko matabaka hujikunja au kufutwa kimyakimya. OpenFOAM, programu huria ya kuiga mitiririko, huanza kulalamika seli jirani zikiinamiana zaidi ya nyuzi 70. Usizipuuze seli hizo zikiwa zimeshikana na ukuta.

Kuthibitisha, tengeneza meshi tatu, kila moja ikiwa laini mara 1.3 kila upande, yaani seli zaidi ya maradufu. Zilainishe hadi ukutani. Anayegawanya seli za katikati na kuacha tabaka la kwanza vilevile atapata majibu yanayofanana kwa sababu kosa halijaguswa. Na usipime kwa halijoto ya mtiririko unapotoka: ukiwa umeweka kiasi cha joto ukutani, mizania ya nishati itakupa halijoto sahihi hata kwa meshi mbovu. Soma halijoto ya ukuta wenyewe.