Anayekausha mahindi alipwe zaidi

Hapa Uganda, ukitoka Kigumba kwenda Bweyale mwezi wa saba, utaona mahindi yameanikwa kando ya lami, mengine juu ya udongo mtupu. Kuku wanaparuza, mbuzi wanapita juu yake, na wingu likijikusanya tu, watoto wanatoka mbio na mifagio. Nimekulia kwenye kazi hiyo. Kulima tunajua. Tunaposhindwa ni kwenye kukausha, na tunashindwa kwa sababu anayekausha halipwi.

Msimu wa kwanza unakomaa mwezi wa sita na wa saba. Wa nane mvua imesharudi. Katika siku hizo chache uvune, upukuchue, uanike. Mahindi yakilala na unyevu yanashika kuvu, na kuvu ndiyo inayoleta sumukuvu, sumu ya ini. Huioni kwa macho. Punje inaweza kuwa nyeupe kabisa na sumu imo ndani.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu, pamoja na ya Tanzania, kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye ikayaruhusu, kwa sharti la cheti kwamba sumu haizidi maikrogramu 10 kwa kilo. Wengi hapa walisema ni fitina za biashara. Mimi sikusema hivyo. Mwaka 2004 Wakenya 125 walikufa, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Aliyezika watu wake ana haki ya kuuliza. Na lori likirudishwa mpakani, mzigo ule unaliwa na nani? Naogopa ni watoto wetu, kwenye posho ya shule.

Msimu uliopita nilinunua maturubai mawili. Nilianika siku sita, kisha nikatia punje na chumvi kavu kwenye chupa nikaitikisa. Chumvi haikushika kwenye chupa, nikajua yamekauka. Mnunuzi akaja, akang'ata punje moja, ikalia ka! Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akanilipa bei ileile aliyomlipa jirani yangu, ambaye mahindi yake yalikuwa bado yanapoza kiganja.

Piga hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, ukizikausha hadi 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki, zinabaki kama kilo 92 na nusu. Kilo saba na nusu zimekwenda na jua, na bei haikupanda hata shilingi. Kwenye mizani ile maji ndiyo yanayolipwa. Utamlaumuje anayeuza mabichi, naye ana karo ya kulipa Jumatatu?

Sheria ya stakabadhi za ghala, yaani hati ya mahindi yaliyopimwa na kuwekwa ghalani, tunayo tangu 2006, lakini mwenye magunia kumi hapa kwetu hajui hata mlango wa ghala lenyewe. Soko lipo: Kenya wanataka, Sudan Kusini wanataka, nasi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ninachotaka ni kipima unyevu kando ya kila mizani, na bei mbili ubaoni, ya makavu na ya mabichi.

Majirani kumi na mmoja tumeanza kuchanga pesa za kipima unyevu. Mwezi wa saba tutaweka mahindi yetu pamoja, na mnunuzi atakayekuja na bei moja hatutamfungulia gunia.