Usiniguse kwenye ile ya roboti

Wiki iliyopita rafiki yangu aliniomba nimtengenezee mseto wa nyimbo za Neil Young, mwimbaji wa rock kutoka Kanada, "tangu alipoanza mpaka uzeeni". Nikakesha siku tatu. Nikampelekea nyimbo 17, jumla dakika 79 na sekunde chache, maana mimi bado nina ule ushamba wa kupanga nyimbo kana kwamba nachoma CD, isiyopokea zaidi ya dakika 80. Asubuhi jibu likaja: "Safi sana. Ila ile ya roboti itoe, inaharibu."

Inaharibu!

Haya. Kama mtu anamtaka Neil Young asiyeharibu kitu, kazi hiyo ilishafanywa mwaka 2004. Albamu inaitwa Greatest Hits, ina nyimbo 16, na 11 kati ya hizo ni za 1969 hadi 1972. Baada ya 1992 hakuna hata moja, na mwenyewe ametoka kutoa albamu ya Greendale mwaka mmoja tu nyuma. Ni sawa na kuandika maisha ya mtu ukaishia siku aliyooa.

Nakiri, shingo upande, kwamba hizo 11 ni tamu. Cowgirl in the Sand ina dakika kumi na sijawahi kuona zikiisha. Heart of Gold nayo nimeiweka, ningefanyaje, ndicho kibao chake pekee kilichowahi kushika namba moja Marekani. Lakini tazama alikokwenda baada ya hapo. Angeweza kuuimba wimbo ule ule kwa majina tofauti mpaka leo, na wapo waliojenga majumba kwa njia hiyo. Yeye, Danny Whitten wa bendi yake ya Crazy Horse alipofariki mwaka 1972, aliingia studio mwaka uliofuata na wenzake wakarekodi albamu ya Tonight's the Night, sauti zinakwaruza, wengine kama wamelewa, na sauti ya marehemu mwenyewe ikasikika humo kwenye wimbo mmoja. Ikakaa kabatini hadi 1975. Nimechukua nyimbo mbili humo. Rafiki yangu hakulalamika, labda alikuwa anapika.

Sasa roboti. Albamu ni Trans ya 1982, wimbo ni Transformer Man. Sauti imepitishwa kwenye vokoda, mashine inayoigeuza sauti ya mtu iwe kama ya roboti, mpaka maneno huyapati vizuri, na watu wakacheka, mzee wa gitaa na kofia kaingiliwa na kompyuta. Ila mwanawe alizaliwa na mtindio wa ubongo, hakuweza kuzungumza, na wimbo ule ni wa huyo mtoto. Baba anaimba kwa sauti isiyoeleweka kuhusu mtu ambaye ulimwengu haumwelewi. Kule kutoelewa kwako ndio wimbo wenyewe! Mwaka 1993 aliupiga kwa gitaa kavu kwenye Unplugged, kipindi cha MTV cha muziki usio na umeme, mtamu kabisa, na ningeweka huo kila mtu angelia na mimi ningepongezwa. Sikutaka. Uliponyooshwa ulipoteza ule ukuta unaosikiliza ukiwa nje yake.

Na mwaka 1983 kampuni yake ya kurekodi, Geffen, ilimshtaki mahakamani kwa kutoa muziki usiofanana na wake wa zamani. Neil Young alishtakiwa kwa kutokuwa Neil Young. Kesi ikafutwa baadaye. Ndugu yangu, umechelewa miaka zaidi ya 40 kujiunga na upande wa mashtaka.

Si kwamba natetea kila kitu. Albamu ya Everybody's Rockin' haifiki hata dakika 25 na bado ni ndefu. Wimbo wa Driftin' Back wa 2012 una dakika 27, theluthi nzima ya CD. Niliujaribu, nikautoa, nikaurudisha, nikautoa.

Kuhusu mpangilio, mwanzo nilifuata miaka. Ikawa kama ratiba ya mitihani. Nikaamua kumwibia mwenyewe: albamu ya Rust Never Sleeps ya 1979 inafunguka kwa My My, Hey Hey ya gitaa kavu na kufungwa na Hey Hey, My My ya umeme unaounguza spika. Miaka kumi baadaye akarudia ujanja huo huo kwenye Freedom kwa Rockin' in the Free World, kwa hiyo hata yeye anajiibia. Katikati nimechanganya, na Transformer Man nimeuweka mara tu baada ya Heart of Gold. Kwa makusudi. Wimbo ule mtamu unaisha, unavuta pumzi, roboti huyo. Huyu ni mtu aliyeziondoa nyimbo zake Spotify mwaka 2022 kwa sababu ya upotoshaji kuhusu chanjo, akarudi 2024 akinung'unika. Mimi nimlainishe kwa kibali cha nani?

Jana nimemwandikia kwamba nimemsikia na mseto mpya uko tayari. Nimetoa Harvest Moon, nikaweka Computer Age, ya roboti pia. Dakika bado zinatosha, nimepima. Hajajibu.